Insha ya Kuombea Chuo: Mtoto Aandike Nini?

Katika barua zilizotufikia msimu huu, moja haikuhusu bei wala magunia wala majamvi. Imetoka kwa mwanachama wetu mmoja wa Pemba, mzee aliyerithi mikarafuu yake kwa baba yake, ambaye mwanawe alihamia Bara miaka mingi iliyopita akafungua duka Katoro, katika Mkoa wa Geita. Mjukuu wake amesoma huko tangu darasa la kwanza, amemaliza Kidato cha Sita na alama zake ni nzuri. Sasa anaomba nafasi katika vyuo vya Marekani. Fomu amejaza, vyeti amepeleka, walimu wake wamemwandikia barua. Limebaki jambo moja tu, nalo limemkwamisha wiki tatu: ametakiwa aandike insha juu yake mwenyewe.

Mzee wetu anauliza, “Mtoto huyu aandike nini? Baba yake anasema hili, mwalimu wake anasema lile, na mimi nina langu. Mtoto amechanganyikiwa, na tarehe ya mwisho inakaribia.”

Tuliona tumjibu mzee kwa barua. Lakini kwa kuwa wanachama wetu wengi wana watoto na wajukuu wanaosoma, Visiwani na Bara, tumeona yafaa tuyaandike hapa yale tuliyomjibu, na yale yaliyotokea baadaye, ili yawafae na wengine.

INSHA HII NI KITU GANI

Kwetu Tanzania, mtoto huchaguliwa kuingia chuo kikuu kwa alama za mtihani wake. Ukitaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hakuna atakayekuuliza habari za nyumbani kwenu wala unayoyawaza usiku. Masomo uliyofaulu na daraja uliyopata ndiyo yanayosema.

Huko Marekani desturi ni nyingine. Ipo fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi kwa pamoja, iitwayo Common Application. Ilianza mwaka 1975 kwa vyuo 15, na leo yatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Ndani ya fomu hiyo mna insha, ambayo maneno yake yasipungue 250 wala yasizidi 650. Maneno 650 ni kama ukurasa mmoja na nusu wa kupigwa chapa. Mwombaji hupewa maswali saba achague moja. Swali moja lauliza juu ya asili yake au jambo ambalo bila ya kulitaja maombi yake hayakamiliki. Jingine lauliza juu ya kushindwa au kizuizi alichokutana nacho na aliyojifunza kwacho. Jingine, juu ya siku alipoitilia shaka imani au fikra fulani. La saba ni la hiari: aandike jambo lolote alipendalo. Na hilo la saba, ndugu wanachama, ambalo laonekana jepesi kuliko yote, ndilo linalowatesa vijana wengi.

Uingereza nako wana maandishi yao, ambayo hupelekwa kwa chombo kiitwacho UCAS, na kikomo chake ni herufi 4,000. Tangu waombaji wa kuingia mwaka 2026, maandishi hayo yamegawiwa maswali matatu: kwa nini wataka somo hili, masomo yako yamekutayarisha vipi, na umefanya nini nje ya darasa kujitayarisha. Kwa ufupi, Mwingereza anataka kujua somo lako, na Mmarekani anataka kukujua wewe. Mzazi asimshauri mtoto aandike insha moja akaipeleka kote kuwili.

Yafaa pia tuseme ukweli kwamba insha peke yake haimwingizi mtu chuoni. Kwanza alama, kisha barua za walimu, kisha fedha. Vipo vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humpima hata mwanafunzi mgeni bila ya kutazama kama ana uwezo wa kulipa, na akichaguliwa humtimilizia kile ambacho jamaa zake hawana. Lakini vyuo hivyo hupokea maombi mengi mno, na wengi wanaokataliwa ni vijana wenye alama za juu kabisa. Hapo ndipo insha inapopata kazi yake. Msomaji wa maombi ana mbele yake vijana wengi waliofaulu sawasawa, naye hana njia ya kukaa nao barazani akawajua. Anatazama karatasi ile. Ni kama mnunuzi anayetia mkono katika gunia akatoa konzi moja ya karafuu: hawezi kuzitazama zote, lakini kwa konzi hiyo atajua kama zilianikwa vizuri au zilivunda.

MASHAURI MATATU

Kijana wetu alikuwa na mashauri matatu, na kila shauri lilitoka kwa mtu anayempenda.

Baba yake alimwambia aandike juu ya ajali za machimbo. Alisema, “Wazungu wakisikia Geita watataka kusikia habari za mashimo. Waandikie yatakayowatoa machozi.” Mwalimu wake alimwambia aandike juu ya faida za elimu, na namna atakavyorudi kuijenga nchi. Na mzee wetu, babu yake, alitaka aandike juu ya karafuu, kwa sababu ndiyo asili yake, na kwa sababu hakuna mtoto mwingine wa Geita atakayeandika hayo.

Kijana, kwa heshima ya baba yake, alianza na la kwanza. Alitupelekea insha hiyo tuisome. Ilieleza mkasa wa Nyangalata, upande wa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, ambako mwezi wa Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kufunikwa chini ya ardhi kwa siku 41. Mkasa huo ni wa kweli na dunia nzima iliusikia. Lakini katika insha ile kijana alijiweka mwenyewe pale mdomoni mwa shimo, akisikiliza sauti zikitoka chini. Tulimwuliza kama alikuwapo. Akajibu kwa unyofu kwamba mwaka ule alikuwa mtoto mdogo wa skuli ya msingi, yuko Katoro, mkoa mwingine, na habari aliisikia redioni dukani kwa baba yake.

Hapa hatukuweza kunyamaza. Tulimwambia kwamba insha hiyo asiipeleke, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si kweli, na mwombaji hutia sahihi kwamba aliyoyaandika ni yake na ni ya kweli. Ikigundulika, nafasi hupotea hata kama amekwisha kukubaliwa. Ya pili ni kwamba hata kama asingegunduliwa, insha ile haikumwonyesha yeye. Iliwaonyesha wachimbaji watano ambao hawaombi chuo. Msomaji akimaliza angesema, “Loo, watu hawa wamestahimili!” kisha angeuliza, “Na huyu aliyeandika ni nani?”

Wazee walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Kijana hakulala Nyangalata.

Shauri la mwalimu nalo lilikuwa na kasoro yake. Kwamba elimu ina faida, na kwamba mtoto mwema hurudi kujenga nchi, ni maneno mazuri, lakini yanaweza kuandikwa na mtoto yeyote wa Tanga, Kisumu au Bombay bila ya kubadili neno. Na shauri la babu, mzee wetu atuwie radhi, lilikuwa na kasoro hiyo hiyo ya baba. Mtoto ameziona karafuu mara mbili tu, alipokuja likizo. Angeandika nini zaidi ya harufu?

Watu wote watatu waliangalia nje: ni jambo gani kubwa lililo karibu na mtoto? Nchi ile ina makubwa ya kutosha. Shinyanga ndiko iliko Mwadui, ambako Dr. John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na ambako mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi ya karati 54 na nusu, akapewa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya harusi yake. Geita ilichimbwa dhahabu tangu zama za Waingereza. Machimbo yale yakafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Lakini almasi ile haikupatikana na mtoto wetu, na mgodi ule si wa baba yake. Ukubwa wa jambo hauifanyi insha kuwa nzuri. Kinachotakiwa ni jambo ambalo mtoto amelishika kwa mkono wake na kulifikiri kwa akili yake.

MTOTO WA ASKIRIMU

Tulimtolea kijana mfano wa mtu mmoja ambaye jina lake ni la kisiwa chetu, ingawa yeye alikuwa mtu wa Bara: Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika skuli ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza askirimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyaacha maziwa yapoe kwanza ndipo yatiwe katika friji. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa ndogo, na Mpemba, akiogopa kuikosa, aliyatia maziwa yake yangali moto. Baadaye alipotazama, aliona ya kwake yameganda kabla ya ya mwenziwe aliyetia ya baridi. Alimwuliza mwalimu sababu yake. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hakuliacha. Aliwauliza wauza askirimu wa Tanga, wakamwambia kwamba wao hufanya hivyo hivyo. Alipofika skuli ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na wenziwe wakamcheka. Kisha alikuja kuzungumza nao Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akasimama akamwuliza lile lile. Osborne hakumcheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja katika jarida la Uingereza la mafunzo ya fizikia. Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, na ulimwenguni kote laitwa kwa jina la Mpemba.

Makala hayo hayakuwa insha ya kuombea chuo. Lakini mtoto anayetafuta la kuandika atazame yalivyoanza. Mpemba alieleza kwa maneno mepesi: maziwa, friji, nafasi ndogo, mwalimu aliyemkatalia, wenziwe waliomcheka. Hakuanza kwa Newton wala kwa faida za sayansi. Alianza kwa kitu alichokishika mwenyewe na swali ambalo hakuweza kulitupa. Anayesoma anamwona mtu huyo kuwa ni mdadisi, mkaidi katika jambo la haki, na haoni haya kuuliza mara ya tatu. Mpemba mwenyewe hakusema kwamba ana sifa hizo. Kisa chenyewe kilisema.

MFANO WA PILI

Na asiyependa mambo ya fizikia, amtazame Mwalimu Nyerere. Alipokuwa mwanafunzi Makerere, katika miaka ya vita vikuu vya pili, aliandika insha juu ya hali ya wanawake, akashinda katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Alikuwa amesoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill juu ya jambo hilo. Wanafunzi wengi wangemsifu Mill na kunukuu maneno yake, basi. Nyerere aliyachukua mawazo yale akayapima kwa wanawake wa kabila lake, Wazanaki. Yeye alikuwa mwana wa Chifu Burito, aliyekuwa na wake 22, na mama yake alikuwa mmoja wao. Alijua tangu utotoni nani analima, nani anabeba maji, na nani anasikilizwa.

Mawazo ya kitabu yalikuwa ya Mill, lakini nyumba ilikuwa yake. Hapo ndipo fikra kubwa inapopata miguu ya kusimamia. Mtoto wa leo anayetaka kuandika juu ya haki, au uchumi, au hewa na mvua, hatumkatazi, tunamwuliza tu, “Jambo hilo umeliona wapi, siku gani, na wewe ulifanya nini?”

DAFTARI LA DUKANI

Baada ya hayo tulimtaka kijana afanye kazi moja ndogo. Asahau insha kwa siku saba. Kila usiku aandike kwenye karatasi mambo aliyoyafanya mchana, bila ya kuchagua la maana na lisilo na maana.

Orodha ilipotufikia ilikuwa na mambo mengi ya kawaida: kuchota maji, kwenda msikitini, mpira, kumfundisha mdogo wake hesabu. Lakini neno moja lilirudi kila siku ya orodha ile: daftari. Tulimwuliza daftari gani. Akaandika, “Ni daftari la madeni tu, ya dukani. Mimi ndiye mwandishi wake tangu darasa la tano.”

Wanachama watakumbuka kwamba Katoro ni mji uliozungukwa na machimbo ya wachimbaji wadogo. Mchimbaji mdogo hapati mshahara wa mwezi. Anaingia katika duara, yaani shimo la kuchimbia, pamoja na wenziwe, na mawe yakipatikana hugawana kwa mifuko. Mfuko wake huupeleka karashani ukasagwa, kisha mwaloni unga ukaoshwa, na dhahabu ikakamatwa kwa zebaki. Kabla ya siku hiyo, ambayo pengine ni wiki mbili na pengine ni miezi mitatu, anakula nini? Anakopa dukani: unga, dagaa, mafuta ya taa, betri za tochi. Na deni huandikwa katika daftari.

Kijana alitueleza, kama jambo la kupita tu, kwamba alipokuwa Kidato cha Pili aliongeza safu yake mwenyewe pembeni ya daftari. Aliandika kila mkopaji anafanya kazi gani na alisema nini siku alipokopa. Baada ya mwaka mmoja alizihesabu. Aliona kwamba waliosema, “Duara letu limekaribia,” hawakulipa vizuri kuliko waliokaa kimya. Na aliona kwamba wanawake wanaopika chakula mwaloni, ambao baba yake hakuwa akiwakopesha kwa kuwa hawana mgawo wa mawe, walikuwa wakinunua kidogo kidogo kila siku na fedha zao hazikatiki. Akamwambia baba yake, “Hawa ndio wa kukopesha.” Baba alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali, kwa sharti kwamba deni likipotea mtoto atalilipa.

Wengi walilipa. Mmoja hakulipa. Machimbo mapya yaliposikika upande mwingine, alifunga mizigo usiku akaondoka na deni la shilingi 46,000. Kijana alilipa deni lile kwa kubeba mizigo likizo nzima. Tulimwuliza kama alijuta kuwatetea wale wanawake. Alijibu kwamba hakujuta, ila aliongeza safu nyingine katika daftari: mtu ana watoto skulini hapa mjini au hana.

Ndugu wanachama, tulipoisoma barua ile tulitazamana. Mtoto alikuwa akihangaika wiki tatu kutafuta jambo la kuandika, na kumbe alikuwa akiliandika kila jioni kwa miaka tisa.

Tulimjibu kwa mistari michache. Tulimwambia: “Andika hayo. Usiyapambe. Na lile la shilingi 46,000 usilifiche, kwa kuwa hapo ndipo msomaji atakapokuamini.”

MAMBO YALIYO KARIBU NA MKONO

Mzazi mwingine atasema, “Mwanangu hana daftari.” Hapana shaka hana, lakini analo lake. Katika nchi ile ile ya Shinyanga na Geita twaweza kutaja mengine.

Mtoto wa mkulima wa pamba anaujua mzani. Wazee wake walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, hata mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation ya Paul Bomani. Mtoto huyo asituandikie historia ya ushirika, ipo vitabuni. Lakini kama yeye ndiye anayesoma mzani kwa niaba ya bibi yake asiyejua kusoma, na bibi anamwamini, basi aandike juu ya siku hiyo.

Mtoto wa mfugaji anaijua ngitili, yaani malisho yanayofungiwa wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Miti ya Shinyanga ilifyekwa sana zamani, kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba, hata nchi ikawa uwanda mtupu; tangu mwaka 1986 serikali na wenyeji walishika kazi ya kuirudisha kwa desturi hiyo ya Wasukuma. Kama mtoto amepigana na rafiki yake kwa kuwa ng'ombe wa rafiki waliingia katika ngitili ya jamaa zake, na baadaye wakapatana, hiyo ni insha.

Mtoto ambaye mama yake anachoma zebaki jikoni, naye amejifunza darasani kwamba moshi wake ni sumu, ana jambo zito kuliko yote: amwambie mama nini, ikiwa moshi huo ndio uliolipa ada ya skuli? Kama aliwahi kumwambia, aandike alivyosema na alivyojibiwa.

Na hapa kwetu, mtoto aliyekaa usiku akichambua karafuu na jirani zake anajua namna mazungumzo yanavyogeuka wakubwa wanapochoka. Aliyeachiwa jamvi mawingu yakiwa yametanda anajua kuamua peke yake: anue au asubiri? Akianua mapema karafuu hazikauki, na akichelewa mvua itazikuta jamvini.

MAONYO MACHACHE

Tungependa kumaliza kwa maonyo yatakayowafaa wazazi khasa.

Kwanza, msiwafundishe watoto kuuza huzuni. Kama msiba ni wa mtoto mwenyewe naye anataka kuuandika, ana haki yake. Lakini asilazimishwe kwa kudhani kwamba wasomaji wa huko hununua machozi. Insha ya msiba nayo hupimwa kwa kipimo kile kile: mtoto alifikiri nini, alifanya nini. Na misiba ya jirani iachiwe jirani.

Pili, mtu mzima asiiandike insha. Wapo wanaotoza fedha ili wamwandikie mtoto, na siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoandika kwa dakika moja. Wenye fomu ile ya pamoja wamekwisha kutangaza kwamba kupeleka maandishi ya programu hizo kana kwamba ni yako ni udanganyifu. Na hata pasipokuwa na tangazo, maandishi ya kukodi hayana daftari wala jamvi. Yana maneno laini tu. Mzazi au mwalimu anaweza kusoma na kuuliza, “Hapa sikuelewa, ilikuwaje?” Kalamu ibaki kwa mtoto.

Tatu, maneno magumu hayatakiwi. Mtoto aandike kama anavyomweleza mtu mwenye heshima ambaye hajawahi kufika kwao. Duara ni nini, mwalo ni nini, aeleze kwa maneno machache kisha aendelee na kisa.

Nne, asianze dakika za mwisho. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzo wa Januari, na vile vinavyopokea mapema hufunga mwanzo wa Novemba. Insha nzuri huandikwa, huwekwa wiki nzima, kisha huandikwa upya. Mtoto aisome kwa sauti mbele ya mtu anayemjua vizuri, na amwulize swali moja tu: “Ni mimi huyu?” Mtu huyo akisita, insha haijawa tayari.

MWISHO WA HABARI

Kijana wetu aliandika mara nne. Tulipopata ile ya nne tuliisoma pamoja hapa ofisini. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, na ilikuwa na maneno 631. Haikutaja almasi wala dhahabu ila mara moja, pale mtu alipokuja dukani kulipa. Baba yake, ambaye ndiye aliyetaka machozi, alisomewa na mtoto kwa Kiswahili. Tuliambiwa kwamba alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sikujua kama uliifanya kazi likizo ile kwa ajili ya deni lile. Nilidhani umesahau sharti, na mimi nilikuwa nimekwisha kusamehe.”

Hivi sasa insha imekwenda. Majibu ya vyuo vile hutoka mwezi wa Machi, na hatuwezi kuwaahidi wanachama yatakuwa yapi. Waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Lakini kama atakataliwa, atakuwa amekataliwa yeye mwenyewe, kwa aliyoyafanya na kuyafikiri, wala si mtoto wa kubuni aliyesimama mdomoni mwa shimo ambalo hajaliona. Na kama atakubaliwa, hatakuwa na uongo wa kuulinda miaka minne.

Mzee wetu wa Pemba ametuandikia tena. Anasema bado angependa karafuu zitajwe. Tumemjibu kwamba anao wajukuu wengine wanne, nao wako hapa hapa Pemba. Usiku wa kuchambua, awaulize mmoja mmoja leo wamefanya nini, kisha akae kimya awasikilize.